Siku ya Farasi wa Kuruka: Jinsi ya Kubeti Kempton Desemba 26 bila Kukurupuka

Desemba 26, wengi wetu tukifungua programu ya kubeti tunakimbilia mpira wa Uingereza. Sehemu ya farasi tunaipita. Wachache wanaoingia huko huchagua jina linalopendeza au farasi mwenye odi ndogo kuliko wote, wanamchomeka kwenye mkeka katikati ya mechi mbili, kisha mkeka unachanika kwenye kizuizi cha tatu.

Siku hiyo viwanja vingi vya Uingereza na Ireland vina mbio za farasi wa kuruka: Kempton, Wetherby, Leopardstown, Limerick, Down Royal na vingine. Kempton Park, uwanja ulio Sunbury, kusini magharibi mwa London, ndio wenye mbio kubwa kuliko zote za siku, King George VI Chase: maili 3, karibu kilomita 4.8, na vizuizi 18. Kwa saa za Afrika Mashariki shughuli inaanza alasiri na kuisha kwenye saa moja jioni, kwa hiyo ukilala mchana baada ya pilau ya jana, usilale sana.

Mwongozo huu ni wa mtu anayejua kubeti mpira lakini hajawahi kukaa chini na kadi ya farasi, yaani orodha ya farasi wa kila mbio na rekodi zao. Nimeuandika kwa ajili ya Kempton, ila hatua zake zinafaa pia Cheltenham mwezi Machi na Aintree mwezi Aprili. Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba farasi bora anaweza kuwa dau bovu, kwa sababu kila mtu ameshamwona na bei yake imeminywa. Kazi yako ni kupima unachokiona dhidi ya bei iliyobandikwa, na mara nyingi jibu litakuwa kuziacha mbio hizo zipite.

Hatua ya 1: Hela kwanza, farasi baadaye

Amua kiasi ambacho kikipotea chote jioni hiyo, nyumbani hakuna atakayejua. Krismasi imeshakula chake na ada za Januari ziko njiani, kwa hiyo kiasi hicho kiwe kidogo. Kigawe mara 20. Ukiwa na shilingi 2,000 za Kenya, kipimo chako ni 100; ukiwa Tanzania na 20,000, ni 1,000. Dau moja ni kipimo kimoja, au viwili ukiwa umeridhika sana. Hakuna dau la vipimo vitano la kurudisha vilivyopotea.

Kenya na Tanzania serikali hukata kodi kwenye kubeti, na viwango vimebadilika mara kadhaa, kwa hiyo angalia kampuni yako inakata nini kabla hujapiga hesabu ya faida. Walioko Uingereza hawakatwi kodi kwenye ushindi. Walioko huko pia wana GAMSTOP, huduma ya kujifungia akaunti zote za mtandaoni zenye leseni kwa miezi sita, mwaka mmoja au miaka mitano. Kama tayari unakopa ili ubeti, anzia hapo na uache hatua zinazofuata. Aliye chini ya miaka 18 haimhusu kabisa.

Hatua ya 2: Jua ni mbio za aina gani

Mbio za kuruka ziko za namna mbili kubwa. Kuna viunzi, vyenye urefu wa karibu mita 1.07, vyepesi, vinavyolala farasi akivigonga. Na kuna vizuizi vya vijiti vilivyoshindiliwa, kuanzia mita 1.37, ambavyo havina mchezo: farasi akikosea, anapoteza mwendo au anakwenda chini na mpandaji wake. Wakenya mnaojua mita 3,000 kuruka viunzi na maji mna undugu na jambo hili. Mbio zile za binadamu ziliigwa kwa farasi waliokuwa wakishindanishwa mashambani kutoka kanisa moja hadi jingine, kama ilivyokuwa Ireland mwaka 1752 kati ya Buttevant na Doneraile. Tofauti ni kwamba mkimbiaji wa Kalenjin anaweza kukanyaga kiunzi na kuendelea. Farasi hawezi kukanyaga kizuizi.

Kwa anayebeti, maana yake ni hii: kwenye viunzi kasi ndiyo inayoamua, na makosa husameheka. Kwenye vizuizi uhodari wa kuruka una uzito sawa na kasi. Farasi aliyetamba msimu uliopita kwenye viunzi akihamia vizuizi ni mwanafunzi upya, na kadi itamwandika kwenye mbio za novice. Mbio hizo huwa na kipenzi, yaani farasi mwenye odi ndogo kuliko wote, wa odi ya 1.40 ambaye amewahi kuruka vizuizi mara moja tu hadharani. Mimi bei hiyo siigusi.

Halafu kuna hendikapu. Hapa kila farasi amepewa namba ya uwezo na wasawazishaji wa mamlaka ya mbio, na uzani anaobeba unafuata namba hiyo, ili kwa nadharia wote wafike pamoja. Farasi wa namba 140 atabeba ratili 12 zaidi ya farasi wa 128, yaani kama kilo 5.4. King George si hendikapu. Farasi wote wazima wanabeba uzani uleule, na farasi jike wanapunguziwa ratili 7. Matokeo yake, kwenye King George unatafuta nani bora siku hiyo. Kwenye hendikapu unatafuta nani amewekewa namba ndogo kuliko anavyostahili. Wa namna hiyo mara nyingi ni farasi kijana anayepanda, ambaye wasawazishaji hawajamfikia, au mzee aliyeshuka namba baada ya kukimbia vibaya kwenye udongo usiomfaa.

Hatua ya 3: Udongo

Kama utasoma kitu kimoja tu asubuhi hiyo, soma hali ya udongo. Waingereza wana ngazi zao: heavy ni tope zito, soft ni laini uliolowa, good to soft ni kati, good ni mzuri. Udongo mgumu wa firm ni nadra Desemba. Farasi mwenye kwato pana na hatua za kupanda juu huogelea kwenye tope wakati mwenzake mwepesi anachoka kabla ya kona ya mwisho. Tofauti hiyo ni kubwa kiasi cha kupindua meza nzima.

Fanya hivi. Fungua rekodi ya kila farasi unayemfikiria, tafuta mbio alizoshinda, na uandike pembeni udongo wa siku hizo. Akishinda mara nne na zote nne zikiwa kwenye good, na leo imeandikwa soft kwa mvua ya usiku, bei yake ya jana ni ya farasi mwingine. Kinyume chake ndipo penye hela: farasi aliyeshindwa mara tatu mfululizo kwenye udongo mkavu, anayependa tope, na leo tope limekuja. Watu wanaona zile namba mbaya. Wewe unaona kwa nini zilikuwa mbaya.

Kempton hukausha maji vizuri, kwa hiyo tope la kweli pale si la kila mwaka. Chepstow, inakofanyika Welsh National siku inayofuata, ni habari nyingine: maili zaidi ya tatu na nusu, mara nyingi kwenye matope, na bingwa wa Kempton anaweza kuaibika huko. Barafu nayo iwe akilini. King George ya 2010 haikukimbiwa Desemba kabisa. Ilisogezwa hadi Januari 2011. Usiweke dau wiki mbili kabla bila kujua kampuni inarudisha hela farasi asipokimbia au la. Kwenye madau ya mapema ya kawaida, asipokimbia umeliwa.

Hatua ya 4: Umbo la uwanja na nani ataongoza

Kempton ni tambarare, ina kona kali, na farasi huzunguka kwa mkono wa kulia. Cheltenham ni vilima na mabonde, mkono wa kushoto, na mwisho wake ni mlima unaokamua pumzi. Farasi wengine wanapendelea upande. Desert Orchid aliupenda mkono wa kulia, akashinda King George mara nne: 1986, 1988, 1989 na 1990. Alishinda pia Gold Cup ya Cheltenham 1989, kwa mkono wa kushoto na kwenye matope, lakini huo ulikuwa ukaidi wa farasi wa pekee, usiujengee kanuni. Kauto Star alishinda King George mara tano, nne mfululizo kuanzia 2006 na tena 2011. Rekodi ya uwanja ina uzito. Kwenye kadi itafute herufi C, aliyewahi kushinda uwanja huu. D, aliyewahi kushinda umbali huu. CD, aliyewahi kushinda umbali huu kwenye uwanja huuhuu.

Kinachopuuzwa na wengi ni mwendo. Jiulize: nani ataongoza, na je, yuko peke yake? King George za 2020 na 2021 zinafundisha kuliko darasa lolote. Mwaka 2020 Frodon alikuwa na odi ya 20/1 (21.00 kwa desimali). Mpandaji wake, Bryony Frost, alimtoa mbele, akamwachia aruke kwa raha zake, hakuna aliyemsumbua, na walipoanza kumfukuza alikuwa bado na mafuta. Frost akawa mwanamke wa kwanza kushinda mbio hizo. Mwaka uliofuata Frodon alirudi, safari hii akiwa na Minella Indo ubavuni, naye alikuwa farasi wa kukaa mbele. Walivutana mapema, wakachoka, na Tornado Flyer akaja kutoka nyuma kwa 28/1. Mwaka 2023 tena, Hewick, aliyewahi kununuliwa kwa euro 850, alionekana ameachwa, kisha akawapita wote mwishoni kwa 12/1.

Basi pitia mbio tatu za mwisho za kila farasi na uone maelezo yanayoandikwa chini ya matokeo: aliongoza, alikaa katikati, alishikiliwa nyuma. Akiwa kiongozi mmoja tu kwenye kundi la saba au nane, na ana rekodi ya kuruka vizuri, mpe nafasi zaidi ya wanayompa wengine. Wakiwa watatu wanaotaka kuongoza, angalia wa nyuma. Kazi hii inachukua dakika kumi kwa mbio moja, na sijaona dakika kumi zinazolipa kuliko hizo.

Hatua ya 5: Zisome zile namba na herufi

Mbele ya jina la farasi kuna mstari kama huu: 3/21-1F2P. Unasomwa kutoka kushoto kwenda kulia, na ya mwisho kulia ndiyo mbio ya karibuni. Kistari (-) kinatenganisha misimu. Mkwaju (/) unaonyesha pengo refu zaidi, pengine majeraha. Namba ni nafasi aliyomaliza, na 0 ni nje ya tisa bora. F alianguka. U alimwangusha mpandaji bila mwenyewe kuanguka. B aliangushwa na mwenzake, kosa lisilo lake. R alikataa kuruka. P mpandaji alimsimamisha kabla ya mwisho.

P ndiyo herufi inayohitaji upelelezi. Mpandaji anaweza kumsimamisha farasi aliyeumia, aliyechoka, aliyechukia udongo, au aliyekuwa nyuma sana hata kumaliza kusiwe na faida. F nayo ina sura mbili: aliyeanguka kizuizi cha kwanza kwa uzembe hafanani na aliyeanguka cha mwisho akiwa anaongoza. Huyu wa pili kadi inamwonyesha kama mtu aliyeshindwa, na wasiotazama marudio ya video watamwacha. Hata hivyo, akiwa na F mbili kwenye mbio nne, mimi namwachia mwenye moyo mgumu.

Utaona pia herufi ndogo baada ya jina: b na v ni vifuniko vya kuzuia macho kutazama pembeni, p ni manyoya ya mashavuni, h ni kofia ya masikio, t ni ulimi uliofungwa. Kifaa kikivaliwa mara ya kwanza, kuna namba 1 pembeni, na huo ni ujumbe kwamba mkufunzi anajaribu kitu. Tangu 2018 kadi za Uingereza huonyesha pia farasi aliyefanyiwa upasuaji wa njia ya hewa. Wengine wakitoka huko hurudi kama wapya.

Hatua ya 6: Watu walio nyuma ya farasi

Hapa nitapita haraka kwa sababu bei huwa imeshayala majina makubwa. Mkufunzi Paul Nicholls ameshinda King George zaidi ya mara kumi, na Willie Mullins wa Ireland alifikisha ushindi wa mia moja kwenye tamasha la Cheltenham 2024. Kila mtu anayajua haya, kampuni kwanza. Chenye thamani zaidi ni hali ya banda kwa wiki mbili zilizopita: farasi wa mkufunzi huyu wanamaliza vizuri, au wote wanakatika pumzi mita mia nne za mwisho? Banda likiwa na mafua, halichagui bingwa.

Kwenye hendikapu, angalia wapandaji wachanga wanaopunguziwa ratili 7, 5 au 3 kwa sababu ya uchanga wao. Kijana hodari anayekaribia kupoteza punguzo lake ni zawadi ya kilo kadhaa ambayo haijaandikwa kwenye bei.

Hatua ya 7: Bei na hesabu zake

Uingereza bado wanaandika sehemu. 5/1 ni odi ya 6.00, yaani faida tano na dau lako linarudi. 7/2 ni 4.50, 11/4 ni 3.75, 6/4 ni 2.50, evens ni 2.00, 4/6 ni 1.67. Programu nyingi zina mahali pa kubadilisha ziwe desimali, badilisha, usijitese.

Sasa geuza bei iwe uwezekano: gawa 100 kwa odi ya desimali. Chukua mbio ya farasi watano wenye 6/4, 3/1, 4/1, 6/1 na 10/1. Unapata asilimia 40, 25, 20, 14.3 na 9.1. Jumlisha: 108.4. Uwezekano wa kweli hauwezi kuzidi 100, kwa hiyo ile 8.4 ni posho ya kampuni. Jumla ikiwa 105 uko sokoni kwa haki; ikiwa 125 kwenye mbio yenye farasi wengi, funga kadi uende kunywa chai.

Kabla hujatazama bei, andika uwezekano wako mwenyewe kwa farasi wawili au watatu unaowaona. Kisha linganisha. Ukimpa farasi asilimia 20 na kampuni inamlipa 8/1, ambayo ni asilimia 11, hilo ni dau. Ukimpa asilimia 40 na bei ni 4/6, yaani 60, si dau hata kama unaamini atashinda. Kwa ujumla vipenzi hushinda karibu theluthi moja ya mbio, na bado ukiwafuata wote unapoteza taratibu, kwa sababu ya bei wanazolipwa. Kadirio lako litakuwa butu mwanzoni. Litanoleka ukiliandika, likibaki kichwani litajibadilisha lenyewe kufuata bei uliyoiona.

Hatua ya 8: Dau la pande mbili

Kwenye programu utaona E/W, kifupi cha each way. Hili ni madau mawili: nusu farasi ashinde, nusu amalize kwenye nafasi. Ukiandika 100 E/W unatoa 200, na wengi hushtuka hapo. Masharti ya kawaida Uingereza ni haya: farasi watano hadi saba, nafasi mbili kwa robo ya odi, nane na zaidi, nafasi tatu kwa moja ya tano, hendikapu ya 12 hadi 15, nafasi tatu kwa robo, hendikapu ya 16 na zaidi, nafasi nne kwa robo. Wakiwa wanne au pungufu, ni kushinda tu.

Mfano: 100 E/W kwa 10/1, farasi nane. Akishinda, upande wa ushindi unalipa 1,100 na upande wa nafasi, 2/1, unalipa 300, jumla 1,400. Akiwa wa pili au wa tatu, unapata 300 kwa 200 uliyotoa. Sasa fanya kwa 4/1: akiwa wa tatu unapata 180, umetoa 200, umepoteza huku unashangilia. Kwa 5/1 unarudishiwa tu hela yako. Kwa hiyo chini ya 5/1 kwenye masharti ya moja ya tano, E/W ni kujiliwaza.

Inapong'aa ni pale penye farasi nane kamili, kipenzi mmoja mwenye bei ndogo sana, wawili watatu wasio na matumaini, na wako yuko kati kwa 8/1 au 10/1. Kumaliza ndani ya tatu bora kunakuwa rahisi kuliko bei inavyosema. Lakini angalia: mmoja akijitoa asubuhi wakabaki saba, nafasi zinashuka hadi mbili. Hesabu wanaokimbia tena dakika kumi kabla ya kuanza. Na kwenye hendikapu kubwa, baadhi ya kampuni hutoa nafasi tano au sita siku za sikukuu. Ukizipata bila odi kupunguzwa, zichukue.

Hatua ya 9: Lini uweke

Kampuni nyingi za Uingereza zina ahadi ya bei bora: ukichukua 8/1 asubuhi na farasi akaanza kwa 10/1, wanakulipa 10/1. Ukiwa nayo, weka asubuhi. Usipokuwa nayo, subiri taarifa ya udongo na orodha ya waliojitoa, kisha amua. SP ni bei ya mwisho wakati mbio zinaanza. Usiichague kwa uvivu wakati bei iko mbele yako.

Farasi akijitoa baada ya wewe kuweka dau, Kanuni ya 4 inakata faida yako kulingana na bei ya aliyejitoa. Aliyekuwa evens akitoka, zinakatwa 45 kwa kila 100 ya faida. Aliyekuwa 5/1, 15. Aliyezidi 14/1, hakuna. Kwa hiyo ukilipwa pungufu jioni, anza kuangalia hapo kabla ya kupigia simu huduma kwa wateja.

Hatua ya 10: Mkeka uwe mfupi

Najua ushauri huu haupendwi. Vipenzi wanne wenye uwezekano wa asilimia 40 kila mmoja wakiwekwa pamoja, uwezekano wa wote kushinda ni asilimia 2.56. Ongeza hatari ya kuanguka, ambayo mpira hauna: timu ikiteleza dakika ya pili bado ina dakika 88. Mwaka huohuo wa 2023 Shishkin alijikwaa na kumwangusha mpandaji wake akiwa bado anawania King George, na mikeka mingapi iliondoka naye siwezi kuhesabu. Weka dau moja moja. Ukitaka raha ya mkeka, weka wa farasi wawili, basi.

Au ujaribu Placepot ya Tote, kama kampuni yako inayo. Unachagua farasi wa kumaliza kwenye nafasi katika mbio sita za kwanza, hela zote zinaingia chungu kimoja, na waliofaulu wanagawana. Unaweza kuchagua wawili kwenye mbio ngumu na mmoja kwenye nyepesi: 2, 1, 2, 1, 2, 1 ni mistari minane. Kwa kipimo kidogo cha kila mstari unapata mchana mzima wa kutazama, na hata kipenzi akiwa wa pili bado uko hai.

Hatua ya 11: Mchana wenyewe

Tazama mbio ya kwanza bila dau lolote ukiweza. Itakuambia kama udongo ni ule ulioandikwa, kama wa mbele wanarudi nyuma au hawakamatiki, na kama wapandaji wanakwepa sehemu ya ndani iliyochakaa. Mabadiliko hayo hayajaingia kwenye bei za mbio ya tatu na ya nne. Farasi wakionyeshwa kabla ya kutoka, mwepuke anayetokwa jasho jeupe shingoni siku ya baridi. Anaunguza nguvu kabla ya kazi.

Mbio ya mwisho ya siku ni mtego. Huwa ni hendikapu ngumu, giza linaingia, na waliopoteza wanatafuta pa kurudisha. Kama hukuwa na maoni juu yake asubuhi, saa kumi na mbili jioni huna maoni, una njaa.

Farasi wako akivuka wa kwanza, subiri tangazo la weighed in. Wapandaji hupimwa uzani baada ya mbio, waamuzi wanaweza kuchunguza kusukumana, na hadi hapo matokeo si rasmi. Wawili wakifungana kabisa, nusu ya dau lako ndiyo inayolipwa kwa odi kamili.

Usiku fungua daftari na uandike mistari michache kwa kila dau: farasi, udongo, uwezekano uliompa, bei uliyochukua, na SP aliyoanza nayo. Safu hizo mbili za mwisho ndizo za kuangalia baada ya miezi miwili. Ukiona mara nyingi ulichukua 8/1 na akaanza kwa 6/1, unasoma vizuri hata kama mfuko bado haujakubali. Ukiona ulichukua 6/1 na wanaanza kwa 9/1, soko linajua kitu usichokijua. Punguza kipimo kwa nusu na urudi hatua ya tatu.